Gari la nchi ya theluji likiwa Dodoma: dalili za chumvi ya barabarani na chanzo chake

Gari linashushwa Dar es Salaam likiwa linang'aa, linapanda hadi Dodoma, na siku linapowekwa kwenye jeki kwa mara ya kwanza krosmemba, yaani chuma kinachokatiza chini ya gari, inamwaga magamba. Wengi husema ni maji ya bahari ya safarini. Bahari inasingiziwa. Meli za magari huyabeba tumboni, na wiki chache za safari haziwezi kuchubua chuma tabaka kwa tabaka. Magamba yale yana umri wa miaka kadhaa, na yametokana na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi ili barafu isishike lami.

Japani ina mikoa inayolala chini ya theluji miezi mingi kila mwaka: Hokkaido, Aomori, Akita, Niigata, Nagano. Mwaka 1990 ilipitishwa sheria ya kuzuia matairi yenye misumari, na tangu hapo barabara zikategemea chumvi zaidi. Chumvi ya kawaida huzuia maji kuganda vizuri hadi karibu nyuzi 9 chini ya sifuri. Baridi ikizidi hapo hutumika kloridi ya kalsiamu, ambayo hufanya kazi hadi karibu nyuzi 29 chini ya sifuri. Uingereza, zinakotoka baadhi ya Range Rover na Discovery za hapa, humwaga chumvi ya mawe, gramu 10 hadi 40 kwa mita ya mraba kutegemea hali ya hewa. Matairi hurusha tope hilo la chumvi chini ya gari, nalo huingia kwenye kila mshono na kila tundu.

Kuna imani kwamba Dodoma ni kukavu, basi kutu itakufa yenyewe. Hapa ndipo watu wanapopigwa. Chumvi ya kawaida hunyonya unyevu wa hewa na kugeuka maji pale unyevunyevu unapofika asilimia 75 hivi. Mchana wa Septemba haufiki huko, kwa hiyo kutu inalala. Mvua za Desemba hadi Aprili zikianza, ile chumvi iliyojificha ndani ya mshono inalowa na kazi inaendelea ilipoishia. Kloridi ya kalsiamu ni mbaya zaidi, kwani hunyonya maji hewani hata unyevu ukiwa asilimia 30 na kidogo, hivyo hata kiangazi cha hapa hakiikaushi. Gari lililonunuliwa Julai likionekana zima linaweza kuanza kulia Februari, na mwenye gari akalaumu barabara.

Kwanza jua kama gari limetoka kwenye theluji

Tazama cheti cha Japani cha kufuta usajili. Namba ya zamani hubeba jina la eneo: Sapporo, Asahikawa, Aomori, Akita, Niigata, Nagano ni majina ya kukufanya ulale chini ya gari kabla ya kulipa. Kama ulipewa karatasi ya mnada, tafuta herufi S kwenye mchoro wa gari (kutu) na C (chuma kilicholika), zikifuatwa na namba 1 au 2. Mchoro huo unaeleza bodi zaidi. Ya chini huandikwa kwa maneno pembeni, kwa Kijapani, na ndiyo sehemu ambayo wauzaji hawakutafsirii.

Gari lenyewe pia linajieleza. IST, Passo au Noah ya kuendesha magurudumu yote manne mara nyingi ilinunuliwa na mtu wa theluji. Ukiona nyaya nyembamba za kupasha joto chini ya kioo cha mbele, pale waipa zinapolala, au betri kubwa kuliko ile ya gari kama hilo hilo la jirani, hilo liliagizwa kwa ajili ya baridi.

Osha chini kabla ya kukagua, maana vumbi la Dodoma hufunika kila kitu kwa rangi moja. Kisha tofautisha. Wekundu mwepesi kwenye kitovu cha gurudumu, dramu na bomba la ekzosi ni wa kawaida, hata gari la Nagoya, kusiko na theluji nyingi, linao. Chumvi huacha magamba yanayobanduka kwa bisibisi, na huanzia chini kwenda juu. Kutu ya upepo wa bahari, ile ya magari yaliyokaa Dar es Salaam, hupenda zaidi mishono ya bodi, boneti na paa.

Unga mweupe nao una maana tatu. Weka tone la maji: ukigeuka tope, ni vumbi, ukiyeyuka na tone likikauka likaacha duara jeupe, ni chumvi, usipoyeyuka wala kuwa tope, na chini yake kuna alumini, ni alumini yenyewe inayoliwa.

Ogopa gari lililopakwa rangi nzito nyeusi ya lami chini likiwa bado lina harufu mpya. Anayepaka lami juu ya kutu amefungia maji na chumvi ndani. Gonga kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilicholika hujibu kwa sauti ya boksi.

Pedali ya breki inazama

Hili litangulie mengine yote. Paipu za breki za magari ya Kijapani ni za chuma, unene wa milimita 4.76 kwa nje, na chumvi huzila mahali usipoziona: chini ya klipu za plastiki zinazoshika tope, juu ya tanki la mafuta, na karibu na ekseli ya nyuma. Paipu inaweza kuonekana nzima mita mbili ikawa imekwisha sentimita moja.

Washa injini, kanyaga breki kwa nguvu na ushikilie dakika moja. Pedali ikishuka polepole na kiwango cha oili kwenye kichupa kikapungua, kuna mahali inavuja. Fuata paipu kwa tochi na kitambaa cheupe. Pedali ikishuka na oili haipungui, shaka inaelekea masta silinda, ile pampu kuu ya breki. Ikiwa laini kama sponji lakini haishuki, ni upepo.

Paipu yenye magamba usiisugue msasa ili "kuona hali yake". Unaweza kumaliza ukuta uliobaki. Badilisha. Nati nyingi ni M10 yenye uzi wa milimita 1.0. Mwagia dawa ya kulegeza kutu usiku uliotangulia na utumie spana ya paipu ya namba 10, ile ya duara lenye mwanya, kwa sababu spana ya mdomo wazi itaila nati. Nati ikizunguka na paipu, kata paipu karibu yake na utoe kwa soketi. Paipu mpya iwe ya aloi ya shaba na nikeli, au ya chuma iliyopakwa kinga. Shaba tupu fundi huipenda kwa kuwa inapindika, lakini huchoka kwa mtetemo, na njia za vumbi za huku ni mtetemo mtupu. Mdomo wake ukunjwe mara mbili. Kuunga paipu ya breki kwa mpira na klipu ni kutafuta msiba: ukikanyaga kwa nguvu, shinikizo ndani hupita baa 100.

Kutoa upepo, anzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, yaani nyuma kushoto kwa gari la usukani wa kulia, isipokuwa kitabu cha gari kikisema vingine. Lita 1 ya oili ya breki ya daraja lililoandikwa kwenye kifuniko hutosha kusukuma ya zamani yote nje.

Gari linavuta upande, rimu moja inachemka

Endesha kilomita 10 bila kukanyaga breki sana, simama, sogeza mkono karibu na kila rimu bila kuigusa. Inayotoa joto kuliko wenzake ina breki isiyoachia. Kwa gari la chumvi chanzo huwa pini za kalipa zilizoganda, au kutu iliyovimba chini ya vibati ambavyo padi huteleza juu yake. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inabana padi hata kama kila kipuri ni kipya. Ndiyo maana mtu hubadilisha padi mara mbili na tatizo likarudi.

Toa vibati, sugua kitako chake kwa tupa na brashi ya waya mpaka uone chuma, rudisha vibati vipya. Pini zipakwe grisi ya silikoni ya breki. Grisi ya kawaida ya bearingi huvimbisha mpira wa pini, na baada ya miezi mitatu umerudi pale pale. Padi ya ndani ikiwa imeisha na ya nje ni nene, pini ndizo zenye kosa. Rimu za nyuma zote mbili zikichemka, angalia kebo ya handbreki kwanza.

Jamaa wa karibu wa tatizo hili ni usukani kutetemeka ukifunga breki kwenye kasi ya 80. Kabla ya kupeleka diski kuchongwa, itoe usugue uso wa kitovu inapokaa. Ganda la kutu la upana wa unywele hapo huyumbisha diski nzima. Nati za rimu za Toyota nyingi ndogo zikazwe Nm 103, kwa msalaba.

Taa ya ABS, au breki kugongagonga mguuni gari likikaribia kusimama

Dalili ya pili ni ya ajabu na huwachanganya wengi: lami kavu, mwendo wa kilomita 10 kwa saa, na ABS, mfumo unaozuia magurudumu kukwama ukifunga breki, inafanya kazi kana kwamba unateleza. Kompyuta inadhani gurudumu moja limesimama. Kutu imekua chini ya sensa ya gurudumu na kuinyanyua mbali na pete yake, au pete yenyewe imepasuka kwa kuvimba kwa kutu iliyo chini yake. Mwanya ukizidi, mawimbi ya sensa hudhoofika, na kwenye mwendo mdogo ndipo yanapopotea kwanza.

Pima gari kwa mashine ujue ni gurudumu lipi, ukitazama kasi za magurudumu manne ukiwa unatembea polepole. Moja litashuka hadi sifuri kabla ya mengine. Sensa hutoka kwa boti moja ya 10, ila ikiwa imeganda usiivute kwa koleo. Mwagia dawa, izungushe taratibu, subiri. Safisha tundu na kitako, usiisugue ncha ya sensa. Sensa za zamani za nyaya mbili unaweza kuzipima kwa omu, na nyingi husoma kati ya kilo-omu 1 na 2. Za kisasa zenye umeme ndani usizipime hivyo, namba utakayopata haina maana.

Stata inasuasua, taa zinacheza

Betri mpya, tatizo lile lile? Pima njia ya ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari. Weka mita kwenye volti 20 za DC, waya mwekundu kwenye chuma cha injini, mweusi kwenye nguzo hasi ya betri, mtu awashe gari. Ikizidi volti 0.3 wakati stata inazunguka, kuna ukinzani. Rudia kati ya bodi na nguzo hasi. Maji ya chumvi hupanda ndani ya waya kwa kufyonzwa kama utambi unavyofyonza mafuta ya taa, ndiyo maana terminali huwa safi na shaba iliyo sentimita kumi ndani ya plastiki ikawa unga wa kijani. Waya wa namna hiyo hausafishwi. Kata hadi kwenye shaba nyekundu au weka mwingine.

AC haipoozi, joto la injini linapanda mlimani

Kondensa inakaa mbele kabisa, ndiyo hupigwa na tope la chumvi kwanza. Bonyeza mapezi yake kwa kidole sehemu ya chini: yakivunjika kama chapati kavu, joto halitoki hata gesi ikijazwa upya. Angalia pia doa la oili, maana gesi hutoka na oili yake. Mapezi ya rejeta yakiwa hivyo hivyo, gari litatulia mjini na kupandisha joto ukiwa Sekenke na abiria watano. Hakuna dawa ya mapezi yaliyolika, ni kubadilisha.

Alaimenti haikai, matairi yanaliwa ndani

Fundi wa alaimenti akikuambia nyuma "haina marekebisho", muulize kama boti zimezunguka. Kwenye gari la chumvi boti ya kurekebisha huungana na bomba la chuma lililo ndani ya bushi, na ukilazimisha unararua mpira wa bushi badala ya kuzungusha boti. Joto la gesi husaidia mara chache, na huunguza bushi. Njia ya haki ni kukata boti pande zote mbili na kuweka boti, washa zake (vile vibati vya duara vyenye tundu lisilo katikati) na bushi mpya pamoja. Mwenye gari aambiwe bei hiyo mapema, kabla gari halijapanda kwenye mashine.

Kelele na harufu

Kelele ya bati injini ikizunguka taratibu gari limesimama mara nyingi ni kava la joto la ekzosi lililotoboka kwenye boti zake. Washa pana kwenye boti humaliza tatizo. Mlio wa "klank" ukikata kona baada ya tuta, tazama mzunguko wa chini kabisa wa springi: huvunjika pale unapokaa kwenye kikombe, mahali tope lililala. Badilisha springi mbili za ekseli moja kwa pamoja.

Harufu ya petroli ikija tu baada ya kujaza tanki pomoni na kupotea likifika nusu, bomba la kujazia mafuta limetoboka. Subaru Forester zinajulikana kwa hili, kwa kuwa tope hubaki nyuma ya kava lililo ndani ya bawa la nyuma. Usichomelee bomba hilo likiwa kwenye gari. Tena tundu lile lile linalotoa harufu huingiza vumbi, basi angalia na chujio la mafuta.

Sakafu inalowa, jeki inazama

Masika zulia likilowa na mpira wa mlango ni mzima, chunguza sili za pembeni, yale maboksi ya chuma chini ya milango. Zina matundu ya kutolea maji chini. Zibua kwa waya laini. Jeki ikizama kwenye sili, acha mara moja, na usilale chini ya gari hilo bila stendi zilizowekwa kwenye chuma kinachoaminika.

Kwa Prado, Hilux, Pajero za zamani na Jimny, swali ni chesisi. Huoza kutoka ndani, hivyo gonga kwa nyundo kila sentimita kumi, hasa juu ya ekseli ya nyuma na kwenye vishikio vya mikono ya sospensheni. Tundu moja dogo katikati ya ubavu hutibika: kata hadi chuma kizima, chomelea bamba la unene sawa, milimita 2 hadi 3, baada ya kufungua waya hasi wa betri. Kutu ikiwa kwenye vishikio vya sospensheni au boksi la usukani, kiraka ni kujidanganya. Hapo bei ya gari inajadiliwa upya au linaachwa.

Kuitoa chumvi

Osha chini kwa mashine ya shinikizo dakika 20. Mashine ndogo hutumia lita 6 hadi 8 kwa dakika, kwa hiyo pipa la lita 200 linatosha. Elekeza kwenye mishono, ndani ya chesisi kupitia matundu yake, na nyuma ya makava ya plastiki ya magurudumu baada ya kuyatoa. Epuka alteneta na soketi za sensa. Anika juani siku nzima, rudia kesho na keshokutwa. Chumvi iliyo ndani ya magamba haitoki kwa mkupuo mmoja. Magamba makubwa yatolewe kwanza, la sivyo unaosha ganda.

Maji nayo yaangaliwe. Visima vingi vya Dodoma vina chumvi, na kusuuzia chumvi kwa chumvi ni kazi bure. Ukoko mweupe ndani ya birika usikutishe, huo ni ugumu wa maji. Kigezo ni ladha: maji yenye ladha ya chumvi yasiwe ya mwisho kugusa chuma. Maji ya mvua yaliyokingwa bati ndiyo bora kwa kusuuza. Aliyepita kwenye tope la chumvi la mbuga za Bahi aoshe vivyo hivyo.

Chuma kikikauka kabisa, paka dawa ya kugeuza kutu yenye asidi ya fosforiki, subiri iwe nyeusi na ikauke saa 24, kisha redoksaidi au praima ya epoksi mikono miwili. Ndani ya sili na chesisi, ambako brashi haifiki, puliza nta au mafuta ya lanolini kwa mrija mrefu, na uache matundu ya maji wazi. Oili chafu ya injini, ambayo gereji nyingi huipulizia, inaharibu mipira ya bushi, inashika vumbi kuwa uji mzito, na inaficha mvujo wa paipu za breki ambao ungeuona mapema.

Kazi hii ifanyike Septemba au Oktoba, chuma kikiwa kimekauka hadi ndani. Kisha Februari, katikati ya mvua, lala tena chini na tochi. Mshono unaotoa machozi ya kahawia bado una chumvi. Uwekee alama ya chaki, na Septemba inayofuata uanzie hapo.